Je, Wajua? Amanda Palmer, Piano na Kofia

Je, wajua kwamba kazi ya kwanza iliyomlisha Amanda Palmer kwa kusimama mbele za watu haikuwa kuimba wala kupiga piano, bali kukaa kimya? Mmarekani huyu, aliyezaliwa New York tarehe 30 Aprili 1976 na kukulia Lexington, Massachusetts, alitoka chuo kikuu bila ajira ya maana. Akajipaka rangi nyeupe, akavaa gauni la harusi, akapanda juu ya makreti ya maziwa pale Harvard Square mjini Cambridge, akageuka sanamu. Gauni lilificha makreti, kwa hiyo mpita njia aliona bibi harusi wa futi nane. Ukitupa hela kwenye kofia, sanamu ilipata uhai, ikakutazama machoni bila kupepesa, ikakupa ua. Usipotupa, ilibaki jiwe.

Je, wajua alikuwa akipata kiasi gani? Kwa maelezo yake mwenyewe, Jumanne ilimletea kama dola 60 na Ijumaa kama dola 90, na hesabu hiyo haikuyumba sana. Wenye magari walipita wakimpigia kelele atafute kazi. Alisimama pale kwa takriban miaka mitano.

Ikumbuke kofia hiyo. Wengi wakimtaja mwanamke huyu huanza na nyusi zake alizonyoa na kuchora upya, au vita vyake mitandaoni. Mimi naona maisha yake ya usanii binafsi hayaeleweki bila kuuliza swali moja: kofia ya hela kaishika nani?

Je, wajua kwamba kabare, mtindo anaoupiga Palmer, ilianza kama mahali kabla haijawa mtindo wa muziki? Mwaka 1881 Rodolphe Salis alifungua Le Chat Noir katika mtaa wa Montmartre, Paris. Watu walikaa mezani, wakanywa, wakasikiliza nyimbo za kejeli na mashairi ya kuwasuta wakubwa. Mmoja wa waliopiga piano humo ni Erik Satie, kabla dunia haijamjua. Mtindo ukavuka mpaka ukaingia Ujerumani, na miaka ya 1920 Berlin ikawa makao yake makuu. Agosti 1928 Bertolt Brecht na Kurt Weill walizindua jijini humo Die Dreigroschenoper, tamthilia ya nyimbo iliyojaa wezi, makahaba na ombaomba. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Weill, aliyekuwa Myahudi, alikimbia. Alifia New York mwaka 1950, lakini nyimbo zake hazikufa naye. Mwaka 1964 Nina Simone, naye mwimbaji na mpiga piano, aliuchukua wimbo wa Jenny wa maharamia kutoka tamthilia hiyo hiyo na kuufanya kilio cha mtumishi mweusi wa hoteli Kusini mwa Marekani.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya mwimbaji wa kabare na wengine. Hakuimbii yeye; anakuimbia mtu mwingine aliyemvaa mwilini. Wimbo ni tamthilia ya dakika 3, na mhusika wake aweza kuwa mwongo, mwendawazimu au katili, huku piano ikicheka pembeni.

Je, wajua Palmer aliingiaje humo? Kwenye sherehe ya Halloween mwaka 2000 alikutana na mpiga ngoma Brian Viglione. Wawili hao wakaanzisha The Dresden Dolls: piano, ngoma, basi. Hakuna gitaa la besi, hakuna waitikiaji. Nyuso nyeupe, kofia nyeusi, soksi za milia. Jina lao linabeba mambo mawili kwa pamoja, wanasesere wa kauri waliotengenezwa eneo la Dresden na mabomu yaliyouteketeza mji huo katika Vita vya Pili vya Dunia. Palmer aliogopa waandishi wangewatia kwenye kapu la wanamuziki wa gothiki, akawawahi kwa kujibandika jina mwenyewe: kabare ya punki ya Kibrecht. Waandishi wakalinakili kama alivyotaka.

Wimbo wao uliovuma kuliko zote, Coin-Operated Boy, unahusu mpenzi wa kutengenezwa anayefanya kazi ukimtia sarafu. Katikati yake piano na sauti hukwama makusudi, zikirudia palepale kama mashine iliyonasa. Msikilizaji wa mara ya kwanza hudhani sahani imeharibika.

Je, wajua albamu yake ya kwanza ya peke yake ilikusudiwa kuwa kitu kidogo cha kurekodi chumbani, mwimbaji na piano tu? Haikubaki hivyo. Ben Folds, ambaye naye ni mpiga piano, aliichukua akawa mtayarishaji, kazi ikahamia Nashville, zikaongezwa nyuzi na tarumbeta. Zoë Keating alipiga cello. East Bay Ray wa Dead Kennedys alipiga gitaa. St. Vincent aliimba naye wimbo wa zamani kutoka Carousel, tamthilia ya Broadway ya mwaka 1945. Albamu ilitoka Septemba 2008 kwa jina Who Killed Amanda Palmer, utani juu ya Laura Palmer, msichana aliyeuawa katika tamthilia ya televisheni ya Twin Peaks. Utani ukaendelea hadi kwenye kitabu: picha kurasa kwa kurasa za Amanda akiwa maiti, zikisindikizwa na visa vya Neil Gaiman, mwandishi aliyekuja kuwa mumewe na ambaye wameshaachana.

Wimbo mmoja wa humo, Oasis, unafaa kufundishiwa kabare darasani. Muziki wake ni wa furaha, wa kurukaruka, wa kupigiwa makofi. Maneno yake ni ya binti aliyebakwa akiwa amelewa, akatoa mimba, na anasema yote si kitu kwa kuwa bendi aipendayo imemjibu barua. Vituo vya televisheni vya Uingereza vilikataa kuonyesha video yake, kwa hoja kwamba unafanyia mzaha ubakaji, dini na utoaji mimba. Naielewa hofu yao, ila nadhani walisikia muziki wakasahau kumsikiliza msimulizi. Anayecheka hapo ni yule binti, tena anacheka kwa sababu akiacha atabomoka.

Je, wajua kwamba tumbo la Palmer lilisababisha ugomvi na kampuni yake ya kurekodi? Katika video ya wimbo wake Leeds United kuna picha zinazoonyesha tumbo lake. Si tumbo kubwa. Ni tumbo tu la mwanamke mzima. Roadrunner Records walitaka picha hizo zikatwe. Alipowasimulia mashabiki, walianza kupiga picha matumbo yao wenyewe, mengine yameandikwa ujumbe kwa kampuni, wakazirusha mtandaoni kwa wingi. Aprili 2010 kampuni ilimwachilia. Alikuwa ameomba kuachwa, hata kwa wimbo aliotunga mahususi kwa kazi hiyo.

Na kabla hata hajaachwa, hesabu zilikuwa zimeshamfungua macho. Mwaka 2009, usiku mmoja wa Ijumaa, alikuwa nyumbani akipiga soga Twitter na mashabiki waliokosa pa kwenda kama yeye. Utani ukazaa msemo, msemo ukachorwa kwa kalamu ya wino mzito, mchoro ukawa fulana ya kuuzwa. Fulana hizo zilimwingizia dola 11,000. Akaongeza mnada wa vitu vyake kwa njia ya video na onyesho dogo la hiari, jumla ikafika kama dola 19,000. Kwa kiasi cha nakala 30,000 za albamu zilizouzwa, alisema, kampuni ilikuwa haijampa hata senti.

Je, wajua bei ya kazi yake ya kwanza baada ya kuachwa huru? Senti 84 za dola. Julai 2010 alitoa mtandaoni nyimbo za Radiohead alizozipiga kwa ukulele, na senti hizo ndizo zilikuwa kiwango cha chini: sehemu ikalipia haki za watunzi na sehemu ada za malipo. Anayetaka kutoa zaidi atoe. Mpiga piano kushika ukulele si ajabu ukifikiria safari. Piano haibebeki kwenda bustanini. Kwa chombo hicho chenye nyuzi nne aliweza kutangaza asubuhi kwamba jioni atakuwa ufukweni au kwenye ngazi za jengo fulani, na watu wakaja, bila tiketi na bila ukumbi.

Sasa twende kwenye mwaka 2012, kwa kuwa hapo ndipo penye nyama.

Tarehe 30 Aprili, siku aliyotimiza miaka 36, Palmer alifungua mchango kwenye Kickstarter ili kurekodi albamu na bendi yake mpya, The Grand Theft Orchestra. Aliomba dola 100,000. Mwenye dola 1 alipata albamu kwa njia ya mtandao. Mwenye dola 5,000 alipata onyesho sebuleni kwake. Baada ya mwezi mmoja zilikuwa zimeingia dola 1,192,793. Haukuwahi kutokea mradi wa muziki kwenye Kickstarter uliovuka milioni moja kabla ya huo.

Lakini namba ninayoipenda mimi ni nyingine. Waliochanga walikuwa watu 24,883. Miaka michache nyuma, The Dresden Dolls walipokuwa chini ya kampuni, albamu yao iliuza nakala kama 25,000 katika wiki za mwanzo, na kampuni ikaihesabu kuwa imeanguka. Watu ni wale wale kwa idadi. Mara ya kwanza walikuwa aibu ya kampuni, mara ya pili wakawa habari ya dunia.

Aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa taarab hatashangaa sana. Bibi anayeinuka na noti, akaenda akicheza mpaka jukwaani, akamtunza mwimbaji kwa sababu ubeti umemgusa yeye na jirani yake anayemnunia, hajanunua kitu. Kaingia ndani ya wimbo. Palmer alilielewa hilo akiwa juu ya makreti. Wenye kampuni, waliozoea kuhesabu sahani zilizotoka ghalani, ilibidi wajifunze.

Je, wajua kwamba miezi mitatu tu baada ya sifa hizo alitukanwa na wanamuziki wenzake? Agosti 2012, akijiandaa na ziara, alitangaza kwamba anatafuta wapiga fidla na tarumbeta katika kila mji waje kujiunga na bendi jukwaani. Malipo: bia, fulana, kukumbatiwa na shukrani. Watu waliokuwa wamesoma dola milioni moja kwenye magazeti walikasirika, na walikuwa na haki. Viongozi wa vyama vya wanamuziki walimkosoa. Mtayarishaji Steve Albini alimwita mpumbavu hadharani. Palmer alijitetea kwamba kucheza kwa hiari ndiyo desturi aliyokulia nayo, na kwamba fedha zile zilishapangiwa kazi; kweli, mwezi Mei alikuwa ameshaandika hadharani mchanganuo wa fedha hizo, kuanzia madeni hadi gharama za kuchapa na kusafirisha mizigo. Utetezi huo una ukweli ndani yake, ila mtu akishajulikana kuwa kofia yake imejaa, hawezi kumpitishia mpiga fidla kofia tupu. Mwezi Septemba alibadili msimamo akasema wote watalipwa.

Albamu yenyewe, Theatre Is Evil, ilitoka mwezi huo huo na kuingia nafasi ya 10 kwenye chati ya Billboard 200. Msanii bila kampuni kubwa, kwenye kumi bora.

Je, wajua alianzaje hotuba yake mashuhuri ya TED? Februari 2013, huko Long Beach, California, alipanda jukwaani akiwa na kreti la maziwa, akasimama juu yake, kimya. Kisha akasimulia. Kuhusu kijana aliyemkabidhi noti ya dola 10 baada ya onyesho na kuomba radhi, kwa sababu albamu yake aliinakili kwa rafiki bila kulipa. Kuhusu alivyozoea kulala kwenye nyumba za mashabiki akiwa ziarani: huko Miami alifikia kwa familia ya wahamiaji kutoka Honduras wasio na vibali, na usiku ule wenyeji wakalala kwenye makochi ili wageni wapate vitanda. Palmer akalala macho, akijiuliza kama ni haki kupokea kutoka kwa watu wenye kidogo hivyo. Asubuhi mama mwenye nyumba alimvuta pembeni, kwa Kiingereza cha kuokoteza akamshukuru kwa jinsi muziki wake ulivyomsaidia binti yake. Na kuhusu bendi zilizomtangulia jukwaani, alizozihimiza ziingie kati ya watazamaji na kofia. Yupo mmoja aliyekataa kabisa, akisema anajihisi ombaomba.

Hotuba hiyo ikazaa kitabu, The Art of Asking, kilichotoka Novemba 2014 na kuingia orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times.

Je, wajua alivyolijibu gazeti la Daily Mail? Baada ya onyesho lake la Glastonbury mwaka 2013, gazeti hilo la Uingereza halikuandika neno la maana juu ya muziki. Liliandika kwamba ziwa lake moja lilichomoza kwenye sidiria. Wiki chache baadaye, katika ukumbi wa Roundhouse jijini London, alikaa kwenye piano akawaimbia barua kwa mdundo wa waltzi, ule wa moja-mbili-tatu. Katikati ya wimbo aliacha kimono idondoke na kuendelea kuimba akiwa mtupu. Ukumbi ulilipuka. Huo ndio ukabare wenyewe, matusi yaliyovikwa adabu ya dansi ya wazee.

Ziara zake zina vituko vingi, nichague kimoja. Akiwa Melbourne, Australia, aliandika Twitter kwamba anahitaji birika dogo la kusafishia pua. Muuguzi mmoja wa hospitali aliendesha gari hadi mkahawani alipokuwa, akamletea. Palmer akamnunulia kinywaji, wakakaa wakizungumza juu ya uuguzi na kifo.

Je, wajua kwamba Machi 2015 alibadili namna ya kulipwa? Alihamia Patreon, ambako mashabiki walikubali kukatwa kiasi kidogo kila alipotoa kitu, kiwe wimbo, video au maandishi. Waliojiandikisha walipita 10,000. Faida yake ilionekana David Bowie alipofariki Januari 2016. Yeye na mpangaji muziki Jherek Bischoff waliingia studio na wapiga nyuzi wanne, na mwezi Februari mashabiki walikuwa na nyimbo za Bowie mikononi. Kampuni ya kawaida ingekuwa bado inatafuta tarehe ya kikao.

Mwaka huo huo wa 2016 alitoa albamu na baba yake, Jack Palmer. Wazazi walikuwa wameachana angali mdogo, na baba na binti hawakuwa wamekua wakiimba pamoja. Mwaka uliofuata alirekodi na Edward Ka-Spel wa The Legendary Pink Dots, bendi aliyoihusudu tangu ujana. Walifanyia kazi nyumbani kwa Imogen Heap, Essex.

Je, wajua mwongozaji wa tamthilia ya Cabaret aliyomwigizisha Palmer mwaka 2010 alikuwa nani? Tamthilia hiyo ya Broadway ya mwaka 1966 inahusu klabu ya Berlin Wanazi wakibisha hodi, na Palmer alicheza nafasi ya mshereheshaji, ambayo kwa kawaida hupewa mwanamume. Ilionyeshwa na American Repertory Theater mjini Cambridge, mwendo mfupi tu kutoka pale alipokuwa sanamu. Mwongozaji ni Steven Bogart, mwalimu wake wa maigizo wa sekondari. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamerudi pamoja Lexington, wakatunga na wanafunzi mchezo uliotokana na albamu ya Neutral Milk Hotel.

Albamu yake There Will Be No Intermission ilitoka tarehe 8 Machi 2019, Siku ya Wanawake Duniani, John Congleton akiwa mtayarishaji. Hapa mavazi ya kabare yamevuliwa. Mimba zilizotolewa, mimba iliyoharibika, rafiki aliyekufa kwa saratani, mama anayeungama makosa yake ya ulezi. Wimbo wa The Ride una dakika 10 na hauna haraka. Ziara yake ilikuwa mwanamke mmoja, piano moja, na masimulizi marefu kati ya wimbo na wimbo, onyesho likikaribia saa 4. Binafsi naiona ndiyo kazi yake bora, ingawa si ya kusikiliza ukiwa unapika.

Ziara hiyo ilimfikisha New Zealand Machi 2020, mipaka ya dunia ikafungwa nyuma yake. Alikaa huko takriban miaka miwili na mwanawe mdogo. Kumbi zilikuwa zimefungwa sehemu nyingi duniani na wasanii wengi hawakuwa na senti, lakini waliojiandikisha Patreon waliendelea kumlipa. Mwaka 2024 nyimbo alizotunga huko zilitoka kwa jina New Zealand Survival Songs.